Gari Lililolala kwa Zaina

Siku ya pili ya matanga ya Zaina, binti yake Riziki alivuta kopo la zamani la maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda, akalimwaga mkekani mbele yangu ili tutenganishe vya kutunza na vya kutupa. Zilitoka shanga, vifungo, tasbihi iliyokatika uzi, na kitu kimoja cha shaba kinachoenea kiganjani, chenye kifuniko juu na tumbo la makunyanzi chini. Wajukuu wakakipokezana. Mmoja akasema ni cha taa, mwingine akasema ni cha redio ya zamani. Nikawaambia ni termosta, ya motokari. Walicheka, kwa sababu Zaina hakuwahi kuwa na gari, na hata baiskeli hakujua kuiendesha. Mimi sikucheka. Nilishikwa na wivu. Ndiyo, mle mle katikati ya matanga, nimeketi na kanga kichwani na macho yamevimba kwa kumlilia, nilishikwa na wivu uleule wa miaka ile, kwa sababu miaka yote hiyo hakuniambia kwamba amekitunza. Volkano ilipomwaga moto mjini Goma na nyumba yake ya kwanza kuzama chini ya makoro, yale mawe ya moto yaliyoganda, watu walikimbia na magodoro, mbuzi na cherehani. Zaina alivuka mpaka kwenda Gisenyi na kopo hilo tu. Nilimkuta huko barabarani nikamwuliza ndani kuna nini, akanijibu, "Vitu ya bamama, yaya." Kumbe vitu vya bamama vilikuwa hiki. Na kwa nini akitunze yeye, wakati zamu zilizoibwa zilikuwa zangu?

Mimi na Zaina tulikuwa wake wa mume mmoja, marehemu Ramazani, dereva. Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Wabelgiji bado walikuwa wakitembea mjini kama watu wasiojua kwamba kuna kuondoka, na mimi nilikuwa na shingo ya kupandisha mtungi kutoka ziwani hadi mtaani kwetu Mapendo bila kuutua. Ramazani alileta vitu viwili nyumbani mwaka huo, Zaina na gari, na mpaka leo sijui ni kipi kiliniuma zaidi. Gari lilikuwa limeshatumika, kamyoneti ya kijivu yenye mbao nyuma, aliyoinunua kwa mlowezi mmoja wa kahawa upande wa Rutshuru. Zaina alikuwa mpya, msichana wa Kasongo mwenye shingo ndefu, anayejua kupika wali ukasimama punje punje. Serikali haikutaka kusikia kwamba mwanamume wa mjini ana wake wawili, kwa hiyo mbele ya karani mimi nilikuwa mke, na Zaina alikuwa dada wa mume aliyekuja kutembea. Matembezi hayo hayakwisha. Ramazani alimpangishia nyumba vichochoro viwili tu kutoka kwangu, akaapa mbele ya wazee kwamba atatutendea haki: siku mbili kwangu, siku mbili kwake.

Na gari lilifuata zamu. Alipolala yeye ndipo lilipolala. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana mume anayekwenda kwa mke mwenza kwa miguu huenda kimya kimya, na jirani asiyetaka kujua hajui. Gari lilitangaza. Njia ya kwenda kwa Zaina ilipita ubavuni mwa ua wangu, na siku za zamu yake nilikuwa nikiusikia motori ukishuka, ukipunguza mwendo penye mawe mbele ya lango langu kana kwamba utaingia, kisha ukinipita. Nilikuwa naketi chumbani, juu ya kitanda changu cha mbao, nikitazama beseni la maua alilonipa siku ya ndoa, nikihesabu kona: sasa amefika kwa fundi viatu, sasa kwenye ule uzio wa miti ya miyenzi, sasa amezima. Motori ukizimwa, moyo wangu nao ulikuwa unafanya tuf. Asubuhi watoto wa mtaa walikuwa wakiulizana kwa sauti, "Leo motokari iko kwa nani?" na yule anayejibu "Iko kwa Zaina" nilimjua kwa sauti, na siku hiyo hakupata mandazi kwangu. Watu husema wivu huanza moyoni. Wangu ulianza masikioni.

Siku moja gari lilichemka kweli. Lilikuwa limebeba viazi na abiria, likapanda mlima wa Rugari, likatoa mvuke mbele kama birika, na abiria walioshuka kulimwagia maji ya mtaroni walikuja kusimulia mji mzima. Ramazani alilirudisha Goma polepole. Ilikuwa zamu ya Zaina, basi likaingia uani kwa Zaina, na huko akafungua kapo, kile kifuniko cha motori, akachomoa kitu fulani, akatangaza kwamba termosta imekufa na kwamba nyingine itatoka Bukavu kwa meli. Meli zilikuja, zikaenda. Mchana Ramazani aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja ili tule, na gari lake likabaki kwa Zaina, kapo wazi, mdomo umeachama. Zamu yangu ilipofika, mume alikuja peke yake, kwa miguu. Nilikuwa nimepika sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, samaki wa ziwani pembeni, bugali mweupe. Alikula vizuri. Kisha akanawa, akasimama.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwa Zaina. Motokari iko uchi, mama. Vyuma yote inje. Nikiacha vile, asubui tutakuta mifupa."

"Zaina hana macho?"

"Zaina ni mutoto mwanamuke. Mwizi atamwogopa?"

"Na zamu yangu?"

"Zamu yako iko palepale. Ni motokari njo inanizuia. Termosta ikifika, nitakurudishia siku zako zote."

Na kesho yake vivyo hivyo. Alikula sombe yangu, akaenda kulinda motori. Zamu iliyofuata, vivyo hivyo tena. Nilianza kukichukia kile kitu ambacho hata umbo lake sikulijua. Mwanamke mwenzangu ningeweza kumpita kwa kupika, kwa kujipaka wanja, kwa kunyamaza. Kipande cha chuma utakipita kwa nini? Alasiri moja nilijifanya nakwenda kununua chumvi, nikapita kando ya ua wa Zaina. Nilisikia akiimba kwa sauti ndogo, na pasi ya makala, yaani makaa, ikigonga meza, ta, ta. Kwenye kamba lilining'inia shati jeupe la Ramazani, lile la Idi. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu! Nikajiambia: tazama, anampigia pasi mume wangu, katika siku yangu, ili akae naye amependeza. Chumvi sikununua. Nilirudi nikamwaga maji ya mtungi mzima uani bila sababu, na kesho yake nikalazimika kushuka ziwani mapema.

Kule ziwani, upande wa Himbi, tulikuwa tunachota chini ya majumba ya Wazungu, na maneno yalikuwa mengi kuliko maji. Wanawake walituita mimi na Zaina mbanda, neno la Kilingala la wake wanaogombea mume mmoja. Mkubwa wao kwa ulimi alikuwa Mama Sofi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Mwavita," akaniita mbele ya wote, "tunasikia motokari imeolewa."

"Imeolewa na nani?" mwingine akauliza, ili utani usife.

"Si na mbanda wake? Haitoke tena inje. Iko mu arusi."

Wakacheka, na mimi nikacheka, maana ukinuna ziwani utaimbwa mpaka jioni. Lakini nilimwona Mama Sofi akimkonyeza mwenzake, na nikadhani ananikonyezea upumbavu wangu wa kushindwa na mtoto wa Kasongo. Nikapandisha mtungi wangu. Njiani nikaamua kwamba kama mume wangu anashikiliwa na termosta, basi termosta nitaitafuta mimi.

Mjomba wangu Amisi alikuwa anafanya kazi katika gereji ya Mgiriki mmoja karibu na bandari. Nilimkuta amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo iko nje, nikaisalimu miguu. Alipotoka nilimwuliza bila kuzunguka, "Muyomba, termosta ni nini?" Alijifuta mikono muda mrefu, akinitazama, maana tangu nizaliwe sikuwahi kumwuliza habari za chuma.

"Ni kamulango," akasema. "Maji ikiwa baridi, kanafungwa, motori ipate joto. Maji ikichemuka, kanafunguka, maji inaenda mbele ku radiatere kupoa. Sasa kakikufa kamefungwa, motori inachemuka. Ni ile tu."

"Na bila kako, motokari haitembee?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Nani alikudanganya? Bashofere yote ya njia ya Rutshuru, ikichemuka wanakatosha inje, wanakatupa mu majani, wanaendelea. Ni mubaya, motori inabakia baridi, inakunywa esansi sana. Tunawaambia kila siku, hawasikie. Lakini kutembea, inatembea."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile, kwa sababu mwenye wivu husikia alichokifuata, na mimi nilifuata kitu kimoja tu: kitu cha kupeleka kule uani ili gari litoke kwa Zaina. Mjomba alikwenda nyuma ya gereji kwenye gari lililokufa zamani, akarudi na termosta iliyotumika, akaipuliza vumbi. Akaniambia nisiiamini kwa macho. Niifunge kwa uzi, niitumbukize katika sufuria ya maji bila kugusa chini, nichemshe. Na ile ya zamani nayo niipike humo humo, ili tujue. Itakayofunguka ni nzima, itakayobaki imefunga mdomo ni maiti. Nilifurahi kusikia kwamba jambo lote hilo la wanaume, la kapo na meli ya Bukavu, huamuliwa jikoni.

Ya zamani ilikuwa kwa Zaina, basi nikaenda kwa Zaina. Ramazani alikuwa na lori la watu, na afadhali, maana sikutaka anitafutie kisingizio kingine. Tangu Zaina aje mjini sikuwahi kuvuka mlango wake. Tulisalimiana njiani tu, yeye akiniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa heshima, mimi nikimwitikia kwa pua. Aliponiona langoni na sufuria mkononi aliangusha ufagio. Akanikaribisha ndani, na niliingia macho mbele. Nilikuwa nimejenga chumba kile kichwani mwangu kila usiku wa zamu yake, nimekijaza mapazia na marashi. Kilikuwa chumba kidogo. Kitanda kama changu, seremala mmoja. Beseni la maua kama langu, ila langu lilikuwa limebanduka rangi ukingoni na lake bado zima, na hilo lilinichoma. Dirishani, juu ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe, ilikaa termosta, imesuguliwa inang'aa. Alikuwa ameifanya pambo. Nikaionea wivu na yenyewe. Zaina akaleta kahawa ya tangawizi na vitumbua vya mchele. Nilikuwa nimeapa kutokula kitu chake. Nilikula vitatu, na vilikuwa vizuri, na uzuri wao ukanizidishia hasira.

Nilimweleza agizo la mjomba, tukawasha mbabula, jiko la makala, mlangoni, tukainjika sufuria, tukalaza mwiko juu yake, tukafunga nyuzi mbili. Yangu kushoto, yake kulia. Tukachuchumaa, vichwa karibu. Maji yalianza kutoa vipovu vidogo. Mimi nilikuwa naitazama yake na kuiombea ife. Ndiyo, nilikuwa nakiombea dua mbaya kipande cha shaba, kifunge mdomo milele, ili ionekane kwamba kilichotoka kwangu ndicho kilichookoa gari. Mvuke ukatupiga usoni. Kisha kile kifuniko cha kulia kikainuka, polepole, kama jicho la mtu anayeamka. Zaina akapiga makofi kama mtoto.

"Yaya, yangu imefunguka! Imefunguka mbele ya yako!"

Yangu ilifunguka baadaye kidogo. Nilikuwa nimeshindwa hata ndani ya sufuria, na uchungu wa kushindwa ulinichelewesha kuelewa. Zaina ndiye aliyeacha kwanza kutabasamu.

"Yaya, muyomba wako alisema ile inafunguka iko namna gani?"

"Iko muzima."

"Sasa hii ya motokari iko muzima."

"Iko muzima."

"Na muzee anangoja nini ku Bukavu?"

"Umuulize weye," nikamjibu kwa sumu yote niliyoitunza. "Si analala hapa kila siku, zamu yako na zamu yangu?"

Akanitazama bila kuelewa. "Hapa? Yaya, zamu yako ikifika anatoka hapa na shati mupya. Miye njo ninamupigia pasi. Ananiambia Mwavita hapendi mwanaume wa makunyanzi." Akaonyesha dirisha kwa kidole. "Miye ninabakia na motokari tu. Ninaiangalia mu dirisha, ninalia. Ninasema, vyuma njo iko kwangu, roho iko kwa yaya."

Maji yaliendelea kuchemka na hakuna aliyeyatoa. Ndipo maneno ya mjomba yaliporudi: bila kako, inatembea. Dereva gani huliacha gari lake lilale kwa kukosa kitu ambacho wenzake wanakitupa majanini? Lilichemka mara moja, kwa sababu zake, na Ramazani akaona kwamba gari likisimama kwa Zaina mtaa wote utajua yuko kwa Zaina, nami nitajua hivyo, na Zaina atajua yuko kwangu, na sisi wawili hatusemeshani. Alijificha nyuma ya uadui wetu kama mtu anayejificha nyuma ya nguo zilizoanikwa. Nilihisi hasira, lakini kwanza nilihisi kitu cha ajabu: nilikuwa nimemchukia msichana huyu kwa siku ambazo hakuzila. Zaina akasema kwamba mikono ya shati ilikuwa ikirudi na vumbi la makala, na alidhani ni la jikoni kwangu. Nikamwambia mimi kwangu hagusi hata kijiko.

Kesho yake tulishuka ziwani pamoja, mimi na Zaina, mitungi kichwani, na wanawake wakaacha kuchota wote kwa mara moja. Nilimwuliza Mama Sofi swali moja tu: mwanamke gani anauza makala na ana mgeni? Hakujifanya. "Tulizani munajua," akasema. "Ni Feza, ule mujane wa Mabanga. Kila mutu anajua." Basi ule ukonyezo haukuwa wa motokari iliyoolewa. Nilimtazama Zaina, na nakwambia ukweli, kwa dakika ile wivu wangu wote ulihama. Nilikuwa nimeubeba kwa miezi juu ya nyumba moja, ukanishuka ukaenda mtaa wa Mabanga kwa mwanamke ambaye hata uso wake sikuujua.

Ijumaa, baada ya swala, mjomba Amisi alikuja uani kwa Zaina na kle zake, spana za kufungulia. Kazi yenyewe ilikuwa fupi, na hiyo nayo ilinitia uchungu, kuona jinsi jambo fupi lilivyofanywa refu. Kilikuwa kikofia cha chuma juu ya motori, kimefungwa kwa bolti mbili, na bomba la mpira limetoka kwake. Akakifungua, akakwangua kwa kisu karatasi ya zamani iliyoganda, akakata nyingine kutoka boksi la sabuni, akaipaka grisi. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka. "Leta termosta."

"Tia yangu," nikasema.

"Yangu ilifunguka mbele," Zaina akasema.

"Yangu niliitembelea mpaka bandari!"

"Yangu njo ya motokari tangu zamani!"

Mjomba akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Bamama, mu motokari inaingia moja tu."

Tukatazamana. Hakuwa na maana nyingine, maskini, alikuwa na grisi mikononi na jua kichwani. Lakini sisi tuliisikia. Mwishowe Zaina akarudisha yake kifuani, chini ya kanga. "Tia ya yaya," akasema. "Zamu ni yake." Mjomba akaitia yangu, tumbo chini kwenye motori, akakaza bolti. Maji tulimimina sisi, yale yale tuliyoyabeba. Akazungusha manivele, ile fimbo ya kuwashia, motori ukakohoa, ukashika. Akashika bomba la mpira akingoja, kisha akatuita tushike nasi: lilikuwa baridi, baridi bado, halafu ghafla moto ukapita ndani yake. "Kamefunguka," akasema. Zaina akanifinya mkono.

Kuhusu kulipeleka kule hatukujadili sana. Sheria ya gari ilikuwa inajulikana mtaani kwetu: linalala alipolala mume. Sisi tulitimiza sheria. Mjomba aliendesha, akinung'unika kwamba haya si mambo yake, na sisi tukapanda mbele, jambo ambalo Ramazani hakuwahi kuniruhusu. Zaina aliwahi mlango, akapata dirisha. Mimi nikabanwa katikati, goti moja upande huu wa ile fimbo ya gia, la pili upande ule, nikimwona anavyopepewa na upepo na kupungia watu mkono kama bibi arusi. Hata siku ile! Hata siku ile alipata mahali pazuri kuliko mimi, na niliona. Watoto walitukimbilia nyuma wakiimba kwamba motokari imepona. Mabanga tukaonyeshwa ua wenye magunia ya makala, tukaliingiza gari mpaka mbele ya mlango, mjomba akazima, akashuka, akaenda zake kwa miguu bila kuaga. Sisi tukabaki tumeketi.

Feza alitoka. Nilikuwa nimetaka awe mbaya, na hakuwa mbaya. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono myeusi mpaka kwenye viwiko na macho ya kuchoka. Alituuliza tunatafuta nani, nikamwambia tunamngoja mwenye gari. Akakaa juu ya gunia, naye akangoja. Kabla ya magharibi Ramazani akatokea pembeni, shati jeupe, pasi ya Zaina kila mshono. Aliliona gari kwanza. Kisha akatuona ndani yake. Miguu yake iliendelea kutembea hatua chache baada ya uso wake kusimama.

Zaina alitoa kichwa dirishani. "Karibu, muzee. Tumekuletea motokari. Si inalala kwenye unalala?"

Aliyejibu ni Feza. Alisimama, akalizunguka gari, akaweka mkono juu ya kapo iliyokuwa bado na joto. "Kumbe iko muzima? Si uliniambia imekufa? Na miye ninabeba magunia ya makala ku kichwa tangu masika!" Majirani walikuwa wameshajaa. Feza akaingia ndani, akatoka na ndala zake za usiku, za Ramazani, akazilaza vizuri juu ya kapo, moja kando ya nyingine. "Basi na hizi zilale mu motokari," akasema, akafunga mlango.

Ramazani alituendesha mpaka Mapendo. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu, ile niliyoipigania tangu siku ya kwanza ya sombe, na gari lilisimama mbele ya lango langu, kwa mara ya kwanza tangu lilipochemka, mtaa wote ukishuhudia. Nilishuka. Nikaingia. Nikatia komeo. Alibisha kidogo, kisha nikausikia motori ukipita ubavuni mwa ua, fundi viatu, miyenzi, ukazima, na moyo wangu haukufanya tuf. Baada ya muda ukawaka tena. Zaina alikuwa amemwambia kupitia dirishani kwamba leo si zamu yake. Asubuhi watoto walimkuta amelala ndani ya gari kichochoroni, katikati ya nyumba zetu mbili, magoti kidevuni, shati limekunjamana. Usiku huo alilinda motori kweli.

Tulimrudisha baadaye, kila mmoja kwa zamu yake, naye aliishika zamu kwa haki mpaka mwisho wa uhai wake. Sisemi kwamba mimi na Zaina tuligeuka ndugu wa tumbo moja. Nilimwonea wivu alipozaa Riziki, nilimwonea wivu kwa kanga, kwa meno yake yaliyokaa mpaka uzeeni, kwa wali wake ambao sikuweza kuuiga. Lakini kila asubuhi tulikunywa kahawa ya tangawizi mlangoni kwake na kulinganisha maneno ya mume, neno kwa neno, na hakuna uongo uliopita tena katikati yetu. Ramazani alipokufa tuliendelea na kahawa. Nilijua wivu wangu umezeeka, nikadhani utakufa kabla yangu.

Jioni ile ya matanga, mume wa Riziki, kijana mwenye adabu aliyekuwa makaburini na wanaume, alikuja kuketi mkekani karibu nami. "Mama Mwavita," akasema kwa kunifariji, "tulimulalisha Mama Zaina pembeni ya muzee. Kaburi ku kaburi. Na ule upande ingine wa muzee, nafasi iko, Mungu akuongezee siku." Nilingoja wivu unishike, na ulinishika, lakini ulikosea mtu. Nilimwonea wivu Ramazani. Yeye ndiye aliye naye sasa. Nani atanimiminia kahawa kesho? Nani mwingine duniani anajua ni kipi kilifunguka kwanza katika sufuria? Nikakifunga kile kishaba katika pembe ya kanga yangu, nikakaza fundo.

"Na upande ingine wa Zaina," nikamwuliza, "kuko nafasi?"

"Iko, mama."

"Basi miye munitie pale. Safari hii Zaina akae katikati. Dirisha ni yangu."